Mbao za Nyumba ya Probert

Katika nyika yote ile ya Nebraska, kuanzia kijito cha Bata mpaka kwenye reli, nyumba ya mbao ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya Gwilym Probert. Wengine wote waliishi katika nyumba za udongo. Miti hakuna huko. Mtu akipata shamba huchukua plau, akaikata ardhi pamoja na majani na mizizi yake, vipande virefu kama mikate, akavipanga ukuta, vingine akavilaza juu kuwa paa, kisha akaingia ndani na mkewe na kuku wake. Nyumba hizo zilivuja siku tatu baada ya mvua kukatika, na nyoka walining'inia darini. Lakini baridi ikija zilikuwa na joto, na joto likija zilikuwa baridi.

Ya Probert ilikuwa kinyume. Januari maji yaliganda ndani ya birika, na Julai mtu alitokota humo kama yai. Mbao zake alizifuata kwa maksai, siku nne kwenda na siku nne kurudi, na majirani wakasema ni majivuno tu. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na shaka kidogo. Huyo ni Anton Kubelka, Mcheki wa shamba la pili, aliyejenga kwa kuchimba ndani ya kilima. Mwaka wa kwanza alimkaribisha Probert alale kwake siku ya mvua. Katikati ya usingizi ng'ombe akapanda juu ya paa, vishindo vikasikika, mchanga ukawamwagikia usoni. Probert aliruka akatoka nje, akakaa mvuani mpaka kulipokucha. Hakueleza kitu. Kubelka aliwasimulia watu akicheka, lakini kila alipofika mwisho wa hadithi, kicheko kilimwishia njiani.

Probert alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye makovu ya buluu mikononi. Hayo ni makaa ya mawe. Yakishaingia kwenye jeraha hayatoki, unazikwa nayo. Alizaliwa Wales, akakulia migodini Pennsylvania, akapigana miaka mitatu katika vita vya Kaskazini na Kusini, upande wa Kaskazini. Vita vilipokwisha hakurudi mgodini. Serikali ilikuwa ikigawa ekari mia na sitini kwa mtu yeyote atakayekaa miaka mitano, na kwa askari miaka ya jeshi ilihesabiwa kama ya kukaa. Kwa hiyo alikaa miwili tu, akapewa hati yake. Ardhi ilikuwa yake. Kilichobaki ni maji.

Maji alichota mkewe, Leah. Maili mbili kwenda kijitoni na maili mbili kurudi, pipa likiwa juu ya mkokoteni, kila siku ya Mungu kwa miaka minne. Akifika nyumbani robo ya pipa ilikuwa imemwagikia vumbini. Kiangazi cha mwaka wa 1876 kijito kilikauka kikabaki matope yenye alama za kwato za ng'ombe, ikawa lazima aende mtoni, maili saba.

Siku moja alirudi na pipa nusu, akakuta ng'ombe wamelia mpaka wamekaukiwa sauti. Akawapa maji yote. Kisha akaingia ndani, akaburuta kasha lake kutoka chini ya kitanda, akaliweka katikati ya chumba na kulifungua. Probert alikuwa mezani akila mkate wa mahindi.

"Hilo kasha ni la nini?"

"La nguo. Nitaanza kuzipanga polepole, nisije nikasahau kitu."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu Ohio. Ana pampu jikoni. Unaisukuma hivi, maji yanakuja." Akasukuma hewani kwa mkono, kama anamwonyesha mtoto. "Sikukasirikii, Gwil. Nimechoka tu. Ngano ikimaliza kupurwa, kama hapa hamna kisima, mimi naondoka. Ukipenda twende wote. Usipopenda, kaa na hati yako."

"Nitatafuta mtu achimbe."

"Mtu!" Leah akacheka kicheko kibaya. "Baba yako mchimba mgodi, babu yako mchimba mgodi, na wewe mwenyewe ulianza ukiwa na miaka minane. Wanawake wote wa huku waume zao ni washona viatu na wapiga vinanda, na kila mmoja amemchimbia mkewe kisima. Mimi nimeolewa na fuko, kumbe fuko anaogopa shimo!"

Probert akaweka kisu chini. "Sishuki ardhini, Leah. Nilikwambia kabla sijakuoa."

"Uliniambia. Hukuniambia kwa nini."

Akarudi kwenye mkate wake. Leah akakunja shuka moja, akaliweka chini kabisa ya kasha.

Kesho yake Probert alikwenda kwa Kubelka. Wakakubaliana kazi kwa kazi: Kubelka achimbe, Probert amlimie shamba lake lote la vuli. Kubelka alikuja na sururu ya mpini mfupi, koleo, ndoo mbili, mshumaa wa kupimia hewa na maneno mengi. Huko kila mtu aliyechimba kisima alianza kwa kumwita mzee wa kijiti, anayezunguka na tawi la panda mpaka liiname penye maji. Kubelka hakutaka habari hiyo.

"Maji yako kote huko chini," alisema. "Kazi ni kuyafikia. Shemeji, mlango wako wa jikoni uko wapi? Hapa? Basi kisima ni hapa, hatua kumi. Kijiti hakichoti maji, wewe ndiye unayechota."

"Na tukikosa?"

"Tukikosa utakuwa na pango zuri la kumtupia mumeo."

Wakajenga winchi juu ya mdomo wa shimo, gogo lenye mikono miwili ya kuzungushia. Kubelka akashuka na kupanda kwa kuweka mguu kwenye ndoo, na Probert akazungusha. Udongo wa huko ni mgumu na husimama wenyewe, hauhitaji kuzibwa kando. Ila ukipita futi thelathini chini ni giza. Hapo Leah alileta kioo chake, kile alichopewa na dada yake siku ya harusi, akasimama mahali jua linapompata na kulitupa jua ndani ya shimo. Ndivyo walivyofanya wote huko. Mtu wa kioo lazima asogee jua linaposogea, na asiwaze mengine, kwa sababu akisahau, mwenzake chini anapiga sururu juu ya mguu wake.

Hivyo wakaenda wiki tatu. Futi arobaini, sitini, themanini. Probert alizungusha winchi bila kutazama chini hata mara moja. Leah aliliona hilo. Mume wake aliijua ndoo ilipo kwa uzito wa kamba tu, uso wake ukiwa umeelekea nyikani.

Kubelka hakuacha kuimba chini, nyimbo za kwao, nyingine za kanisani na nyingine ambazo ni heri Leah hakuzielewa. Siku walipofika futi tisini na mbili, wimbo ulikatika katikati ya mstari. Leah akadhani amesahau maneno. Probert aligeuka mara moja.

"Anton!"

Kimya.

"Anton, shika kamba! Weka mguu kwenye ndoo!"

Kamba ikatikisika kidogo. Probert akazungusha kama mwendawazimu, Leah akatupa kioo kwenye majani, akashika mkono wa pili wa winchi. Kubelka alitokea amejikunja juu ya ndoo, midomo imekuwa rangi ya majivu, macho wazi hayaoni. Wakamlaza chini. Ilimchukua muda akatapika, kisha akakaa.

"Mshumaa ulizimika," alisema. "Nikasema upepo. Halafu nikasema, mjinga wewe, upepo gani chini ya ardhi? Nikawa nimechelewa."

"Hewa mbaya," Probert akasema.

"Hewa mbaya. Basi, shimo hili limekufa. Funikeni, msije mkapoteza ng'ombe. Mwaka ujao nitawachimbia lingine."

Leah akainuka. Akaokota kioo, akakifuta kwa aproni na kuingia ndani. Wanaume wakasikia kifuniko cha kasha kikifunguliwa. Zilikuwa zimebaki siku sita ngano imalize kupurwa.

Probert alikaa pale pale chini, karibu na mdomo wa shimo. Akatazama nyumba yake, ubao kwa ubao, kama mtu anayehesabu kundi lake.

"Hewa hiyo inaweza kuvutwa," alisema mwishowe.

"Na nini? Ulimi?"

"Na moto. Unatengeneza bomba la mbao, la pembe nne, kutoka juu mpaka chini kabisa. Kichwa cha bomba unakiingiza kwenye mlango wa majivu wa jiko la chuma. Jiko lenyewe unaliziba kwa udongo kila mahali, moto usipate pa kuvuta pumzi ila kwenye bomba. Ukiwaka unavuta. Unaifyonza hewa mbaya kutoka chini, na hewa nzuri inashuka yenyewe kwa mdomo wa shimo kujaza nafasi."

Kubelka akamtazama. "Nani kakufundisha?"

"Jeshini."

"Jeshini mlichimba visima?"

"Haikuwa kisima," Probert akasema, akainuka na kwenda kuchukua mtaimbo.

Leah alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha aliposikia misumari ikilia ukutani. Akatoka mbio. Mume wake alikuwa amekwisha ng'oa mbao tatu za upande wa magharibi, na mwanga wa jioni ulikuwa umeingia mpaka kitandani.

"Gwil, unafanya nini na nyumba yangu?"

"Nahitaji mbao thelathini na mbili."

"Thelathini na mbili ni karibu nyumba nzima!"

"Najua. Niliipigilia mimi."

"Na tutalala wapi?"

Probert alisimama na mtaimbo wake. 

"Tutakata udongo," alisema. "Tutajenga kama watu wengine."

Leah alijua neno hilo lilivyo zito kwake. Kwa miaka minne alikuwa ameganda usiku chini ya mablanketi matano kwa sababu mtu huyu hakukubali udongo juu ya kichwa chake. Akatazama zile mbao, akatazama nyika yenye udongo wa kutosha kujengea mji mzima. Halafu akaenda kuleta nyundo ya pili.

Walifanya kazi siku mbili. Probert aliunganisha mbao nne nne zikawa kasha refu, akaziba maungio kwa vitambaa vya magunia ya unga vilivyopakwa udongo na mavi ya ng'ombe. Akateremsha kipande, akaunga kingine, akateremsha tena, mpaka bomba likasimama ndani ya shimo kutoka chini hadi juu. Jiko la Leah likatolewa nje na kuwekwa ukingoni. Likaonekana kichekesho, jiko katikati ya nyika, bomba lake la moshi limeelekea mbinguni na nyumba nyuma yake imebaki mbavu. Leah akalilisha magunzi ya mahindi na samadi kavu. Moto ukaanza kunguruma.

"Sikilizeni," Probert akasema. Akaweka sikio kwenye bomba. Ndani kulikuwa na sauti ya kitu kirefu kinachovuta pumzi.

Wakateremsha mshumaa. Futi sitini, unawaka. Themanini, unawaka. Tisini na mbili, ule mwali mdogo ulikaa pale chini umesimama wima.

"Haya," Kubelka akasema. "Mimi kule chini nimekwisha kufa mara moja. Kwetu wanasema aliyesokota kamba ndiye wa kwanza kuning'inia. Kama unaliamini bomba lako, shuka wewe. Ukitoka mzima, nami nitashuka."

 Kubelka hakuwa na ubaya, na neno lake lilikuwa la haki, hakuna mchimbaji ambaye asingelisema. Lakini uso wa Probert ulikuwa umekauka kama udongo wa kijito.

"Nitashuka mimi," Leah akasema. Alikuwa ameanza kufunga sketi yake kwenye magoti kwa kamba. "Mnanitazama nini? Ni kisima changu. Nyinyi zungusheni, nami nitajionea."

"Hapana," Probert akasema.

"Basi nani?"

Probert akavua kofia, akampa mkewe. Akaweka mguu mmoja kwenye ndoo, akashika kamba, akafumba macho.

"Teremsha," alimwambia Kubelka. "Polepole."

Kiasi cha futi ishirini harufu ikampata. Harufu ya ardhi ni moja, Wales au Virginia au Nebraska. Mgongo wake uligusa ukuta, akahisi ubaridi ule kupitia shati, na mwili ukakumbuka kila kitu kabla ya akili. Alipofika chini alikuwa amelowa jasho. Mshumaa ulikuwa unawaka kando ya mguu wake. Hewa ilikuwa nzuri. Angeweza kutikisa kamba wakati ule ule akavutwa juu, na hakuna ambaye angesema kitu.

Kisha akasikia hatua juu ya kichwa chake.

Ilikuwa Leah anayezunguka kutafuta jua. Hatua zake zilishuka kupitia ardhini, dum, dum, zikatulia. Sauti ya Kubelka ikashuka kupitia bomba, karibu kabisa, kama mtu anayeongea upande wa pili wa pazia. Moshi wa samadi ulimwingia kooni, akakohoa.

 Probert akakaa chini, magoti yamegusa kidevu, akaziba masikio.

"Gwil!" Leah akaita. "Gwil, uko mzima?"

Hakujibu.

"Mvute," Leah akamwambia Kubelka.

"Hayuko kwenye ndoo. Nikivuta nitavuta ndoo tu."

"Mshumaa?"

"Unawaka. Anapumua. Ni kitu kingine."

Leah akapiga magoti ukingoni. Akaliwinda jua kwa kioo, akalipata, akalitupa chini. Lilitetemeka kwenye ukuta wa shimo, likashuka, likatua juu ya mikono miwili yenye makovu.

"Gwil. Nimekuona. Niko hapa, siendi popote. Sema na mimi."

 Magunzi yalipasuka ndani ya jiko. Halafu sauti ikapanda, wala haikuwa kubwa. Kisima hubeba sauti.

"Leah. Yule mtu alikuwa anakohoa."

"Mtu gani?"

"Wa juu yetu. Virginia. Kikosi chetu kilikuwa cha wachimba makaa. Walitwambia tuchimbe njia ya chini kwa chini mpaka chini ya ngome ya adui. Tukachimba zaidi ya futi mia tano, kimya kimya, na bomba kama hili na moto kama huu. Tulipofika chini yao tuliambiwa tusikilize, kama wametugundua. Zamu ya kusikiliza ilikuwa yangu. Kulikuwa na mtu mmoja juu yangu anakohoa kila siku. Anatembea hatua nne, anageuka, anakohoa. Siku nyingine anaimba. Nilimjua kuliko nilivyomjua ndugu yangu. Siku moja hakukohoa, na mimi nikawa na wasiwasi naye, Leah. Nikajiuliza amepatwa na nini. Kesho yake akakohoa, nikafurahi."

Akausogeza mshumaa kando ya mguu.

"Halafu tukabeba mapipa ya baruti. Niliyapanga mimi, pale pale nilipokuwa nikimsikiliza. Walilipua alfajiri, wale wa juu wamelala. Niliona ardhi ikisimama. Ardhi nzima, Leah, ikasimama kama mti, na watu ndani yake. Wakubwa wangu walinishika mkono, wakasema umefanya kazi safi. Na kazi ilikuwa safi kweli. Tangu siku hiyo siwezi kuwa chini ya hatua za mtu."

  Mikono ya Leah ilikuwa imechoka, lakini kioo hakukisogeza hata unywele, na jua likabaki pale pale.

Aliyesema ni Kubelka. Alikuja akapiga magoti upande wa pili wa shimo.

"Mwelshi! Unanisikia? Mimi nilikuwa jeshi la mfalme wa Austria. Sikulipua mtu yeyote. Nilimpiga risasi Mprusi mmoja aliyekuwa amechuchumaa kichakani kwa haja yake, suruali iko chini. Alinitazama, akainua mkono hivi, kama anasema ngoja kidogo. Sikungoja. Miaka kumi sasa. Kila nikichuchumaa mimi, yule pale. Shemeji, samahani."

"Endelea tu," Leah akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Basi. Sina dawa. Ningekuwa nayo ningeinywa mwenyewe. Ila nakuuliza, unachimba au unaungama? Maana padri yuko mbali, na jiko hili linakula magunzi kama nguruwe."

Chini kukatoka sauti. Leah alidhani analia. Ilikuwa ni kicheko, kifupi, kikavu, kicheko cha mtu aliyepigwa teke mahali pasipotarajiwa.

"Leah," Probert akaita.

"Naam."

"Tembea."

"Nitembee wapi?"

"Hapo juu. Zunguka shimo. Kanyaga kwa nguvu, nisikie ni wewe. Na uwe unasema kitu."

Leah akampa Kubelka kioo. Akazunguka kisima akikanyaga kama askari, akitaja chochote kilichomjia, majina ya ng'ombe wao, majina ya watoto wa dada yake, bei ya kitambaa, ubaya wa nyumba ya mbao mwezi Januari. Alipomaliza mzunguko wa tatu akasikia sururu ikigonga. Mara moja. Kisha tena. Kisha ikaanza kugonga kwa mwendo wa mtu aliyeanza kazi hiyo akiwa na miaka minane.

Probert alichimba mpaka jua lilipokataa kuingia. Kesho yake alishuka asubuhi, na Kubelka akashuka mchana, wakapokezana hivyo siku tatu. Leah alikanyaga mpaka majani ya kuzunguka kisima yakafa, na njia aliyoikanyaga ikabaki miaka mingi. Futi ya mia na nne sururu ya Probert iliingia kwenye changarawe ikatoka imelowa. Akatia mkono. Akauacha pale. Maji yakaja kwanza kama jasho, halafu yakaanza kusukuma kokoto. Yalipofika magotini ndipo alipotikisa kamba.

Ndoo ya kwanza ilikuwa tope tupu. Ya tano Leah akainywa.

"Yana ladha ya misumari," alisema.

"Mwaga basi, nenda Ohio," Kubelka akamjibu.

Leah akanywa tena. Kisha akaingia kwenye zile mbavu zilizokuwa nyumba yake, akalitoa kasha nje, akatoa nguo zote, na kuzifua. Alizifua zote, safi na chafu, na zile alizofua wiki iliyopita. Akazianika juu ya majani mpaka kiwanja chote kikawa cheupe.

Ngano ilikwisha kupurwa siku ya pili yake. Hakuna aliyetaja Ohio.

Septemba walikata udongo. Probert alishika plau, Leah akakata vipande kwa koleo, wakavibeba wawili wawili na kuvipanga majani chini, mizizi juu, kama inavyotakiwa. Ukuta ulipofika mabegani walikaa kivulini kupumzika. Birika la maji lilikuwa kati yao.

"Alikuwa anakohoaje?" Leah akauliza.

Probert hakuuliza nani. Akafikiri, kisha akakohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili, halafu cha tatu kirefu chenye kukwaruza mwishoni.

"Kama cha marehemu baba," Leah akasema. "Ni tumbaku."

"Huenda."

"Baba alikuwa akikohoa hivyo hata akifurahi."

Probert akamimina maji, akanywa nusu, akampa yeye nusu. Zilikuwa zimebaki mbao kumi na mbili katika nyumba ya zamani. Alikuwa amepanga kuzitumia kwa dari, ili udongo wa paa usimwagike, na ili juu ya kichwa chake pawe na mbao kwanza kabla ya udongo. Alikuwa hajamwambia mkewe. Sasa akazitazama, akabadilisha shauri.

"Sita za dari juu ya kitanda," alisema. "Sita za mfuniko wa kisima. Asije mtu akatumbukia."

"Na ng'ombe wakipanda juu ya paa?"

Probert akainuka, akajipangusa suruali, akainama kuchukua kipande kingine cha udongo.

"Wakipanda," alisema, "utaniambia ni ng'ombe."